Mbuzi wa Nyusi na Kamera Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Shangazi, umesema niandike kila kitu na nisipambe. Basi naahidi: nitaeleza yote, nani alisema nini na kwa sauti gani, hata siku ambayo mpumbavu nitakuwa mimi. Muhula ukifungwa nitakuletea daftari zima, usome jinsi watu wenye akili zao wanavyochagua kamera.

Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu ameahidi kuinunulia Klabu ya Filamu kamera ya kupigia video. Moja tu, na tuchague wenyewe. Leo tumefanya kikao cha kwanza. Mlezi wetu ni mwalimu wa jiografia. Alipewa klabu hii kwa sababu siku ya kugawana klabu hakuwepo kujitetea. Mwenyekiti ni mvulana wa darasa la mwisho ambaye hataki kuitwa mwenyekiti. Anataka aitwe Mkurugenzi. Hajawahi kuongoza filamu hata moja, lakini ana skafu. Mimi ni katibu. Waliobaki huja kwa ajili ya biskuti.

Nilisimama nikaeleza nilichosoma kwenye kitabu ulichonipa. Kuna DSLR, ile kubwa yenye kioo ndani: mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi kwenye kitundu cha kuchungulia, na ukibonyeza, kioo kinaruka, klap! Halafu kuna mirrorless, ambayo haina kioo hicho. Unachokiona ndicho hichohicho kinachorekodiwa. Nikasema kwamba kwa video, ya pili inatufaa zaidi.

Mkurugenzi alinisikiliza huku akitikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kamera isiyo na mlio si kamera. Ni simu iliyonenepa."

Wote wakacheka, na Mlezi akacheka kuliko wote. Nimeyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kama yalivyo, ili yamfuate.

Alhamisi, 9 Mei

Sikukueleza kwa nini nimeishikilia habari ya kamera kiasi hiki. Ni kwa sababu ya jirani yangu wa dawati. Ni kiziwi. Wenzake wamempa jina la alama: kidole kimoja kinapita juu ya nyusi, kwa kuwa nyusi zake hazijawahi kutulia tangu azaliwe. Humu nitamwita Nyusi. Kwa kukaa naye nimejifunza lugha ya alama, kwanza matusi, kisha mengine.

Nyusi anataka kuingia chuo cha sanaa za jukwaani, darasa la waigizaji viziwi. Hawampi mtu mtihani wa kuandika. Wanataka video ya hadithi moja kwa lugha ya alama, irekodiwe mfululizo, isikatwe wala kuunganishwa, na iwafikie mara tu baada ya shule kufungwa. Mwakani hawapokei wapya. Mama yake alijaribu kumrekodi kwa simu. Picha imetoka kama iliyopigwa ndani ya kikombe cha chai, na vidole vimekuwa uji.

Hadithi yake ni ya mama mmoja na mbuzi aliyekula gauni la harusi. Nyusi ndiye mama, ndiye mbuzi, ndiye gauni. Anakimbia, anageuka, anarudi. Mwishoni mama anachoka, anakaa chini kulia, na mbuzi anamjia polepole, anamtazama kwa huruma, kisha anaanza kukitafuna kilemba chake. Nimeiona mara nyingi na bado mbavu zinaniuma kwa kucheka. Anayemrekodi lazima amfuate bila kuupoteza uso wala mikono, maana katika lugha ya alama uso ni nusu ya sentensi. Ndiyo sababu nataka kamera ambayo ikishaushika uso haiuachii.

Jumamosi, 11 Mei

Mlezi ametupeleka kwenye duka la kamera. Muuzaji huvaa kizibao chenye mifuko kila mahali, na yote ni mitupu.

Nilimuuliza betri ya mirrorless inakaa muda gani.

"Inategemea, binti."

"Inategemea nini?"

"Inategemea na betri."

Nikamuuliza kama DSLR, ikiwa inarekodi video, fokasi yake, yaani ule ukali wa picha, inaweza kumfuata mtu anayetembea. "Hii?" akasema. "Hii inafuata hadi inzi." Nikamwomba amrekodi Mlezi akitembea kutoka mlangoni hadi kaunta. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, ikikwaruza kama panya ndani ya mfuko wa nailoni, na Mlezi akabaki ukungu uliovaa tai.

"Tatizo ni mwanga," akasema muuzaji. "Dukani humu mwanga ni mwingi mno."

Mlezi aliuliza swali moja tu: kama inakuja na mkoba wake.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Umeme ulikatika kipindi cha kwanza, ukarudi tulipokuwa tunafunga madaftari.

Jumatano, 15 Mei

Leo wamechagua. Muuzaji alikuja shuleni na kamera zote mbili. Mimi nilikuwa nimechora jedwali, tena la haki kabisa. Kwa upande wa DSLR niliandika kwamba betri yake inadumu, lenzi zake zinapatikana kila mahali na mwili wake unastahimili. Kwa upande wa mirrorless niliandika kwamba inakula betri, inapata joto, na lenzi zake ni za kutafuta kwa tochi, lakini inamfuata mtu na haipigi kelele.

"Tusichoshane na majedwali," akasema Mlezi. "Zipitishwe, kila mtu azishike."

Zikazungushwa mezani kama mtoto mchanga aliyeletwa kuonwa na ndugu. Kila mmoja alizipima kwa kiganja, kama anayechagua tikiti maji sokoni.

"Hii ina uzito, bwana."

"Hii nyingine haina kitu ndani. Sikia." Na akaitikisa! Aliitikisa karibu na sikio!

"Mkuu wa shule akija kukagua," Mlezi akasema, "kitu kionekane."

Wakapiga kura. Mkono wangu ulikuwa peke yake hewani, kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo, Shangazi, shule yetu itapata DSLR, na sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni uzito.

Nilikwenda kumweleza Nyusi, nikitegemea tukasirike pamoja. Akauliza kubwa ni ipi. Nikamwonyesha kwa mikono. Nyusi zikapanda. "Afadhali," akasema kwa alama. "Ukipigwa na kamera ndogo unaonekana mdogo." Sikumsemesha mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Jumatatu, 27 Mei

Kamera imefika. Mkurugenzi ameivaa shingoni juu ya skafu.

Jumanne, 28 Mei

Amejipiga picha yeye na kamera kwenye dirisha la ofisi.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua. Ameipiga picha mvua. Video, hata moja bado. Nyusi ananiuliza kila siku, na kila siku namjibu "kesho", mpaka alama ya kesho imeanza kunichosha mkono.

Alhamisi, 6 Juni

Nitaandika kirefu, maana sitaki kusahau hata kidogo.

Tulirekodi ukumbini. Nilileta taa kutoka maabara, nikafunga pazia nyuma. Nyusi alivaa shati jeusi ili mikono yake ionekane vizuri. Tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ilikuwepo. Mkurugenzi akaisukuma kando kwa mguu.

"Tripodi ni ya watu wasio na mikono," akasema. Kisha akabandika jicho kwenye kitundu, akabonyeza kitufe, na akaanza kuchutama na kunyata kama anayewinda.

Wewe unajua, Shangazi, na mimi nilijua kwa sababu nilikisoma kitabu cha maelekezo siku kamera ilipofika. DSLR ikirekodi video, kioo kinapanda juu na kubaki hukohuko, na kitundu cha kuchungulia kinakuwa cheusi kama ndani ya buti. Unatakiwa utazame skrini ya nyuma. Mkurugenzi alikuwa amegandisha jicho kwenye buti.

"Mkurugenzi, unaona kitu?"

"Naona kila kitu."

"Kitundu hakijawa cheusi?"

"Ni giza la kisanaa."

"Tazama skrini basi, kaka, ipo hapo nyuma."

"Skrini ni ya watalii. Nyamaza, unaharibu sauti."

Sauti! Ya hadithi ya lugha ya alama! Nilimpungia Nyusi asimame, lakini wakati huo alikuwa mbuzi, na mbuzi hamsikilizi mtu. Alirudia hadithi mara tatu, mpaka shati likamganda mgongoni, na mara zote tatu yule bwana alimfuata kwa kusikiliza vishindo vya miguu yake. Sijui kama umewahi kuona msichana kiziwi akirekodiwa na kijana anayetumia masikio. Mimi nimeona.

Baadaye tukakaa kwenye chumba cha kompyuta kuangalia. Kwanza dari. Kisha kiwiko. Kisha, kwa muda mrefu, pazia, na pazia lilitoka safi ajabu, ungeweza kuhesabu nyuzi zake, huku mbele yake kivuli fulani kikipita na kurudi. Nyusi hakulia. Aliomba irudiwe, akaitazama tena hadi mwisho, akanigeukia.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Mwambie ni mtindo mpya," akasema Mkurugenzi.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kilichotokea kwenye kitundu, na Nyusi akamtazama Mkurugenzi taratibu, kuanzia kwenye skafu kwenda juu.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimkuta Mkurugenzi nyuma ya maktaba peke yake, bila skafu. Nikamuuliza kwa nini hakuangalia skrini, maana nilimwambia.

"Niliona ni nyeusi tangu mwanzo," akasema. "Lakini nilishaweka jicho. Na wote mlikuwa mnanitazama."

Nilitaka kumhurumia. Nikakumbuka kiwiko.

Jumanne, 11 Juni

Mlezi amenikabidhi kamera "mpaka mambo yapoe". Hakunipa kwa sababu naijua. Amenipa kwa sababu mama yake Nyusi alikuja shuleni na kusimama mlangoni kwake bila kusema neno. Amesimama vizuri sana yule mama.

Nimepata njia. Fokasi ya DSLR haiwezi kumfuata Nyusi, basi Nyusi asiende popote. Nitaweka kamera kwenye tripodi, nitachora duara la chaki sakafuni, Nyusi asimame ndani, nitaikaza fokasi kwa mkono kwenye kope zake na sitaigusa tena. Nimejisifu njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu, 17 Juni

Umeme hakuna tangu juzi. Betri ya DSLR haijali. Lazima niiandikie hilo: ina roho ya punda.

Jumamosi, 22 Juni

Imetoka! Kila kidole kinaonekana, kila ukucha, hata kovu dogo la pasi kwenye kifundo cha mkono wake. Hadithi nzima, mwanzo hadi kilemba, mfululizo. Watu wa biskuti walipiga makofi. Mlezi akasema, "Mnaona sasa? Kamera haikuwa na kosa," kana kwamba ni yeye aliyeizaa.

Nyusi aliangalia mpaka mwisho bila kucheka. Nikamuuliza haoni kwamba kila kitu kiko wazi?

"Kiko wazi," akasema. "Lakini huyu mbuzi amefungwa kamba."

Nikaangalia tena kwa macho yake. Ni kweli, Shangazi. Mama hamfukuzi mbuzi; anamwelekeza tu. Mbuzi hakimbii, anayumba mahali pamoja kama mtu anayesubiri foleni. Kila Nyusi alipotaka kutoka, alitazama chini kwenye duara akarudisha mguu. Kamba hiyo niliichora mimi, kwa chaki, na nikajisifu njia nzima.

Jumatano, 26 Juni

Kuna mpiga picha za harusi ambaye ana mirrorless. Ni mjomba wake Mkurugenzi, na Mkurugenzi ndiye aliyejitolea kunipeleka kwake, jambo la kwanza la maana nililomwona akilifanya. Mjomba huyo hujiita "sisi" ingawa yuko peke yake studio nzima.

"Sisi hatuazimishi vifaa," akasema.

"Mjomba, ni kwa saa chache tu," akasema Mkurugenzi.

"Sisi tuna majina mjini. Kamera yetu ikionekana kwa watoto, watu watasemaje?"

Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba Mlezi amsemee kwa mkuu wa shule apewe kazi ya kupiga picha za mahafali. Atatuletea siku moja kabla ya kufunga shule. Mlezi amekubali haraka. Mambo ya kusemeana anayaweza.

Jumapili, 30 Juni

Mvua kutwa. Nyusi ameniandikia ujumbe kupitia simu ya mama yake: "Mbuzi anafanya mazoezi. Kitanda kimevunjika."

Alhamisi, 4 Julai

Mjomba alikuja na kamera, na betri moja. Nikamuuliza kama ni hiyo tu.

"Inatosha hiyo. Jana tu imepiga harusi."

"Baada ya harusi iliingizwa chaji?"

"Sisi hatukufika nyumbani mapema, binti."

Na dhoruba ilikuwa imekata umeme alfajiri, shule nzima na mtaa mzima. Nilitazama alama ya betri, nikamtazama Nyusi aliyekuwa ameshavaa shati jeusi, nikasema tuanze sasa hivi, nje uani, kabla mvua haijarudi.

Shangazi, kile kitu kinafanya kazi jinsi kitabu kinavyosema! Kimraba kidogo kwenye skrini kiliudaka uso wa Nyusi, na hakikuuachia. Akakimbia hadi ukutani, kikaenda naye. Akageuka kuwa mbuzi, akapanda ngazi za stoo, akaruka, na nyusi zake zote mbili zilikuwemo ndani ya picha, safi. Sikufanya lolote zaidi ya kutembea naye. Mama alikuwa anafukuza kweli. Mbuzi alikuwa na jeuri ya kweli. Nilisikia watu wakicheka nyuma yangu, na aliyecheka kwa sauti kubwa ni Mkurugenzi.

Alama ya betri ikaanza kuwaka nyekundu. Mama akachoka, akakaa chini, akalia. Mbuzi akamjia polepole, akamtazama kwa ile huruma yake, akainua kichwa kuelekea kilemba, na skrini ikazimika.

Nyusi hakujua. Alikula kilemba chote, taratibu, uzi kwa uzi, vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Nami nilibaki nimesimama na kamera iliyokufa mbele ya jicho langu, sikutikisika, kwa sababu wote walikuwa wanatutazama na sikuweza kumsimamisha. Mkurugenzi alikuwa kando yangu. Aliiona skrini nyeusi. Hakusema neno, na namshukuru, ingawa kumshukuru mtu yule kunaniuma.

Mjomba akauliza kama kamera yao imelowa.

Ijumaa, 5 Julai

Shule imefungwa. Umeme umerudi asubuhi, baada ya mjomba kutuachia kadi yenye video na kuondoka na kamera yake kwenda harusi nyingine ya mbali.

Tumeangalia video zote mbili kwenye chumba cha kompyuta, Nyusi, mama yake, Mlezi, Mkurugenzi na mimi. Mlezi amesema tutume ya DSLR. "Kazi isiyo na mwisho haisahihishwi. Mimi ni mwalimu, najua." Mkurugenzi amesema tutume ya mirrorless. "Ile nyingine ni maiti iliyopigwa vizuri," akasema. Nimekasirika mara mbili, kwanza kwa sababu amekosea adabu, pili kwa sababu ningependa kuwa nimelisema mimi.

Mama yake Nyusi alitazama ya kwanza akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama anayetazama cheti. Ya pili ilimchekesha mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu ilipokatika akatugeukia sote, akauliza kwa alama na kwa sauti pia, "Halafu?"



Nyusi mwenyewe amesema hii, akasema ile, akarudi kwenye hii. Yeye na mama yake wanasafiri leo jioni kwenda kwao, na chuo kinapokea faili moja tu, likishakwenda limekwenda. Mwisho ni Jumatatu. Kanikabidhi kadi zote mbili za video kwenye kiganja changu na kukifunga. "Muulize shangazi yako," akasema. "Yeye kazi yake ni kukata na kuunganisha filamu za watu kila siku. Atakachosema ndicho utakachotuma. Mimi nikibaki nachagua nitakuwa wazimu."

Baba anakuja kwenu kesho asubuhi na anarudi Jumapili. Atakuletea daftari hili na kadi zote mbili. Usizitazame kwenye simu, zitazame kwenye ile skrini yako kubwa ya kazini. Nijibu kupitia kwake, hata kwa neno moja. Sitaki uwe mpole kwangu, wala kwa kamera yoyote kati ya hizi. Ungekuwa wewe ndiye unayekaa upande wa pili wa meza kule chuoni, ungemchukua msichana yupi: yule aliyefika mwisho akiwa amesimama, au yule aliyekimbia hadi ukamkosa?